Kwa Kaka Otmari, Mkalimani wa Babu Ukoka

Mpendwa kaka Otmari,

Baba yu hai. Nimeanza na hilo usije ukalia bure huko uliko, maana mtu wa kwetu akiona jina lake limeandikwa gazetini na mtu wa nyumbani, neno la kwanza analotafuta ni "marehemu". Baba yu hai, anakula, anatembea kwa mkongojo mpaka getini na kurudi, na amenuna. Ndiyo, amenuna, na nitakueleza amemnunia nani.

Barua zako mbili za kutoka Msumbiji ninazo. Ya tatu haikuja. Nilikuandikia kwa anwani uliyoiacha, barua ikarudi baada ya miezi minane ikiwa na muhuri usiosomeka. Madereva wa njia ya Tunduru nimewauliza habari zako mpaka sasa wakiniona stendi wanajifanya wako chini ya gari. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, mbele ya watu nisiowajua. Na wewe unayesoma hapa ambaye siye Otmari, karibu usome, ila ukifika mahali pa kucheka ucheke kwa adabu.

Nina mambo mawili. La kwanza, baba ameniagiza nikuite nyumbani. La pili, aliyesababisha ufukuzwe ni mimi. Hilo unalijua siku zote, lakini hujawahi kulisikia kinywani mwangu, na sasa lisikie.

Unalikumbuka banda la video la Mzee Rashidi pale Bombambili, mtaani kwetu kwa zamani, la matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia? Mzee Rashidi alitoka Tunduru na biashara ya korosho, akasikia ni ruksa kila mtu kufanya analoweza, akanunua jenereta, televisheni na deki kwa mzungu mmoja wa mambo ya barabara aliyekuwa anafunga virago. Ndani ya sanduku la deki mlikuwa na kanda sita zisizo na jaketi wala jina. Nne zilikuwa za ngumi. Mbili zilikuwa za katuni, na Mzee Rashidi alitaka kuzitupa. "Katuni ni za watoto," alisema, "na watoto wanapenya chini ya magunia bila kulipa." Wewe ndiye uliyemwomba azijaribu Jumapili moja, baada ya misa ya pili.

Siku za kazi ulikuwa utingo wa lori la kahawa la Mbinga, Jumapili ulikuwa mkalimani. Kiingereza chako kilikuwa cha kidato cha nne, na cheti chenyewe ulikificha chini ya godoro la bibi. Lakini ulikaa kwenye stuli yako kando ya televisheni kwa kujiamini, umeshika kijiti cha kuonyeshea, na mimi mdogo wako wa miaka kumi na mitatu nimekaa chini kwenye jamvi, karibu na mguu wako. Kazi yangu ilikuwa kukufinya. Nikikufinya mara moja, umezidisha maneno. Mara mbili, mkubwa ameingia, padre au balozi au mtu yeyote anayepaswa kuheshimiwa, punguza. Hatukuwahi kukosea.

Na ile katuni, kaka! Familia ya watu weusi, Marekani huko, wamehamia mtaa wa wazungu. Nyumba zote sawa, majani yote yamekatwa sawa, hata mbwa wanabweka kwa zamu. Mwanamume wa nyumba ile alikuwa na tumbo na tai, na kutwa nzima anakata majani ili majirani wasimseme. Akimaliza kuyakata anayachana kwa kitana. Mke wake alikuwa na sauti mbili, moja ya jikoni na moja ya kuongelea simu. Kila asubuhi jirani mwenye meno mengi alikuja kuwauliza kama wamepotea njia, na yule baba anamshukuru kwa kuuliza. Walikuwa na binti mwenye nywele zilizosimama na mdomo mkali, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kumwambia baba yake ukweli.

Siku ya kwanza ulitafsiri kama ilivyo, na ikatushinda. Binti akamwambia baba yake kwamba ni mjinga, ukatamka hivyo hivyo, na mzee mmoja mstaafu wa posta akasimama katikati ya banda. "Mtoto anamwita baba yake mjinga, na nyinyi mnakenua meno?" Akatoka, na nusu ya benchi ikamfuata. Mzee Rashidi akashika kichwa. "Astaghfirullah, Otmari. Unanifukuzia watu."

Ukalifikiria jambo hilo wiki nzima juu ya magunia ya kahawa. Jumapili iliyofuata ulisimama kabla ya kanda kuanza, ukakohoa. "Ndugu watazamaji, wiki iliyopita nilikosea. Huyu bwana si baba yao hawa watoto. Ni babu yao, mzaa baba. Baba yao yuko kazini mbali." Basi banda zima likashusha pumzi. Kwetu nani asiyejua kwamba mjukuu ana ruhusa kwa babu yake? Atamwita mume wake, atamcheka upara, atamfichia mkongojo, na babu akikasirika watu wanamshangaa babu. Huo ni utani. Baba ni habari nyingine, baba hata kikombe chake hukinywei. Siku ile binti alimwita yule mzee mjinga mara sita na yule mstaafu wa posta alicheka mpaka akatolewa nje apate hewa. Ukampa na jina: Babu Ukoka.

Hebu tuseme ukweli. Babu Ukoka hakutoka Marekani. Ulimtoa Ruhuwiko, nyumbani kwetu.

Baba alikuwa karani wa ushirika miaka yote ya utoto wako. Ruksa ilipokuja akaacha ukarani, akaanza kununua mahindi vijijini mwenyewe, na Mungu akamjalia. Akajenga Ruhuwiko kwenye viwanja vipya, nyumba sita tu kwenye mstari mzima, yetu ya rangi ya waridi. Majirani walikuwa mhasibu, mhandisi, daktari, watu wa magari. Tulihama Bombambili asubuhi moja, mimi nimekaa juu ya magodoro. Wewe ulikataa. Ulisema utabaki kwenye nyumba ya bibi kwa sababu ya kazi ya lori, lakini nilijua huwezi kuishi mahali ambapo mtu akicheka jirani anafunua pazia.

Kule Ruhuwiko baba akageuka. Mama akapigwa marufuku kuanika mboga mbele ya nyumba. Kinu kikafungiwa stoo. Bata wakauzwa. Friji likawekwa sebuleni, likavishwa kitambaa cha kufuma, na masofa yakabaki na nailoni zake za dukani, mgeni akiinuka zinapiga kelele. Getini ikafungwa kengele ya kuvuta kwa kamba. Shangazi zetu wa Bombambili hawakujua habari ya kamba, walipiga hodi mpaka koo likawakauka, hatukuwasikia, wakarudi na vikapu vyao. Na ukoka! Alipanda ukoka, akawa anaufyeka mwenyewe kila Jumamosi asubuhi, amevaa tai. Akimwona mhasibu anapita anasema "Gudi moning," hata ikiwa saa nane mchana.

Sikuwa na mtu wa kucheka naye. Mama hakuwa mtu wa kumcheka mumewe, na marafiki zangu wote walibaki Bombambili. Watoto wa mhandisi walikuwa wananiangalia kupitia uzio wa michongoma, nikiwasogelea wanaitwa ndani wakanywe maziwa. Kwa hiyo nilikuwa naishi kwa ajili ya Jumamosi, siku unayoingia kwa mlango wa jikoni ukinuka kahawa mbichi na dizeli, unakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, unaniuliza kwa sauti ya chini, "Wiki hii mzee kafanya nini?"

"Kala ugali kwa uma."

"Acha wewe!"

"Haki ya Mungu. Tonge la kwanza limedondokea mapajani. Akasema ndivyo linavyoliwa."

Na kesho yake, Jumapili, Babu Ukoka anakula ugali kwa uma huko Marekani, na hakuna mtu hata mmoja wa Bombambili aliyeuliza Marekani ugali wanausonga wapi. Kwenye picha alikuwa anakula kitu kingine kabisa. Watu walikuwa wanakutazama wewe zaidi ya televisheni. Mimi pale chini kwenye jamvi nilikuwa nimejaa fahari, kwa sababu nusu ya vichekesho vile vilikuwa vyangu, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua.

Sasa ile siku ya kadi. Najua hupendi niiseme, lakini bila hiyo mtu mwingine hawezi kuelewa.

Baba alitaka kuwaalika majirani waione nyumba. Akachapisha kadi kule sokoni, za Kiingereza, zenye ua pembeni, akazitia kwenye bahasha na kuzipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, akiwaachia wasichana wa kazi. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Wewe hukuwepo, lori lilikuwa limevunja springi Mbinga na mlilala huko siku tatu. Mama alipika tangu alfajiri, pilau sufuria kubwa, kuku wanne, samaki mbasa wa kukaanga.

"Na watu wa Bombambili je?" mama aliuliza.

"Hao siku nyingine."

"Baba Otmari, mtu haalikwi kwa karatasi. Mtu anaendewa, unakaa kwake, unamwambia."

"Hapa si Bombambili," baba alisema.

Ikafika saa kumi, ikafika kumi na moja. Saa kumi na mbili baba bado amesimama ndani ya geti, suti ya kahawia, ameshika kamba ya kengele, asije mgeni akapata taabu ya kuivuta. Mimi nilikuwa barazani nyuma ya nguzo, hakuniona. Nikamsikia anajisemea, taratibu kabisa, "Labda hawaioni nyumba." Nyumba ya waridi, kaka, katikati ya mstari. Mama akafunika masufuria bila kelele. Tulikula pilau lile mpaka likachacha.

Jumamosi iliyofuata nilikusimulia, nikakuigizia na kamba. Ulicheka, halafu ukaacha. "Alisema hivyo kweli?" Nikasema kweli. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Masikini baba." Ungeishia hapo! Na wewe una kosa lako, sitakubebea lote. Mtu akishasema masikini baba hapaswi kesho yake kwenda kumwigiza mbele ya watu.

Siku hizo jina la Babu Ukoka lilikuwa limeshatoka bandani, linatembea mjini lenyewe. Mbeba mizigo mmoja sokoni alikuwa amemwona baba na tai yake, akamwamkia kwa sauti, "Babu Ukoka, shikamoo!" na watu wakaanguka kwa kicheko. Baba akauliza huyo ni nani. Wakamwambia ni mzee fulani wa kwenye picha, kwa Rashidi, Jumapili baada ya misa. Akaamua kwenda kumwona huyo mwenzake.

Ilikuwa sehemu ile ambayo bwana wa katuni amewachomea majirani nyama, meza imepangwa juu ya majani yaliyochanwa, na hakuna aliyetokea. Gunia la mlangoni likafunuliwa, mwanga ukaingia, nikageuka, nikamwona baba amesimama na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Wewe ulikuwa umeelekea televisheni. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifundo cha mguu wako tayari. Nilitakiwa kukufinya mara mbili. Sikukufinya.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini, na jibu ninalo, ila linaniaibisha. Nilijua neno gani linakuja, na lilikuwa neno langu, na nilitaka kusikia watu wakilicheka. Basi. Kwa ajili ya kicheko kimoja.

Ukainuka, ukashika kamba isiyokuwepo, ukaitoa sauti ya baba yenyewe mpaka kikohozi chake: "Labda hawaioni nyumba." Mama yangu wee! Watu walipigana mabega, mstaafu wa posta akapangusa macho kwa kofia, Mzee Rashidi mwenyewe akaegemea jenereta akisema "Otmari utaniua." Nilipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu.

Jioni ile baba alituma uitwe. Alikaa kwenye sofa lake la nailoni, mama kando, mimi mlangoni pa jikoni. Hakupaza sauti. Angepaza tungejua la kufanya.

"Habari ya kunichezea sikuulizi," alisema. "Nakuuliza moja. Siku ile hukuwepo. Nani alikwambia?"

Uliniangalia, kidogo tu. Mimi nikaangalia kucha zangu.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nilipita barabarani, nikakuona, nikakusikia."

"Ulipita."

"Ndiyo, baba."

"Ukaniona nimesimama peke yangu."

"Ndiyo."

"Na hukuingia ukala?"

Hapo ndipo uliponaswa. Ulitaka kunifichia mimi, na hukujua kwamba umeokota kosa kubwa kuliko lile ulilolikwepa. Mchezo wa bandani baba angeukasirikia mwezi mmoja, angekunyima salamu, angekutumia padre aje akuonye, na yakaisha. Lakini mtoto wa kwanza kupita nje ya geti, kumwona baba yake amesimama na chakula cha watu arobaini, na kwenda zake! Nilihitaji kusema neno moja tu: Mbinga. Alikuwa Mbinga, baba, muulize dereva. Neno lilikuwa hapa kooni. Nililimeza.

"Wale majirani sikuwazaa," baba alisema. "Wewe nimekuzaa. Nenda."

Asubuhi ulipita mlango wa jikoni na mfuko wako. Nilianza kulia, ukaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Skola. Wewe bado unakaa kwake. Mimi nina miguu." Nilidhani unakwenda wiki mbili. Nilikutunzia hadithi za wiki mbili.

Mzee Rashidi alitafuta mkalimani mwingine, kijana mwenye Kiingereza kizuri kuliko chako. Akamrudisha Babu Ukoka kuwa baba, kama ilivyo kwenye kanda. Watu wakakimbia, na Mzee Rashidi akarudia kanda za ngumi.

Mama amefariki, kaka. Kama salamu tulizompa dereva wa Masuguru, kule mpakani, hazikukufikia, basi unalisoma hapa, na kwa hilo pia nisamehe. Ilikuwa mwaka wa nne tangu uondoke, ini. Hakuteseka muda mrefu. Alikutaja. Kwenye msiba majirani wote walikuja, mhasibu, mhandisi, daktari na wake zao, wakakaa chini kwenye majamvi, wakaosha masufuria kwa mikono yao. Mke wa mhasibu ndiye aliyeniambia, tukichambua mchele, kwamba zile bahasha za kadi hawakuzifungua. Kila mwenye nyumba alidhani ni kadi ya mchango wa harusi, akaiweka juu ya friji mpaka mwisho wa mwezi. "Na baba yako hakuja kutuambia kwa mdomo," alisema. "Tungejuaje?" Baba alikuwa kwenye kiti hatua mbili kutoka pale. Alisikia yote, akaendelea kuangalia mbele.

Tangu hapo tumebaki wawili. Nyumba ina vyumba saba, tunaishi viwili. Nafundisha shule ya msingi kule Matogoro, narudi na baiskeli jioni, napika, tunakula, tunalala. Siku hizi kila paa lina dishi, na familia za watu weusi wa Marekani ziko tele kwenye televisheni, za kuchorwa na za watu wenyewe. Nikiwa peke yangu sebuleni natafsiri kwa sauti. Naweka na vya kwetu, vya ugali na vya misa. Halafu nasikiliza, na kuna saa ya ukutani tu. Sijui kama unajua hali ya kusema kitu cha kuchekesha kwenye nyumba isiyo na mtu. Nakuambia ni mbaya.

Nilipata mtoto. Baba yake ni habari nyingine na sitaiandika gazetini. Ni wa kike, nimempa jina la mama, Kresensia, ana miaka mitano na mdomo kama wa yule binti wa kwenye kanda. Yeye na babu yake wana utani wao. Anamwambia, "Babu, tumbo lako limemeza mpira." Anamfichia mkongojo, anamwita mume mvivu. Na baba anacheka, kaka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka, nikadhani amesahau namna yake.

Mwezi wa sita mwaka huu, baridi ya milima ya Matogoro imeshuka, tulikuwa tumekaa watatu juani nyuma ya nyumba. Kresi alikuwa anaigiza babu yake anavyopenga kamasi. Baba akacheka mpaka machozi, akajipangusa, halafu akasema, "Huyu ana ruhusa. Kaka yako hakuwa na ruhusa. Lakini kwa kuchekesha, kaka yako alikuwa zaidi." Jina lako lilikuwa halijatajwa na kinywa chake tangu jioni ile. Akaongeza, "Ila alipita, Skola. Alipita, akaniona, akaniacha pale."

Nikasema, "Hakupita, baba."

Akanigeukia.

"Alikuwa Mbinga. Lori liliharibika. Mimi ndiye niliyekuona, nilikuwa nyuma ya nguzo. Mimi ndiye niliyemwambia. Alisema uongo kunifichia."

Aliniuliza tena, nikarudia. Akauliza mara ya tatu jina la dereva, nikamtajia. Halafu akauliza, "Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Na sasa?"

"Ishirini na saba."

Alikaa na mkongojo wake magotini. "Ile kumi na mitatu naisamehe," alisema. "Na hii kumi na minne uliyokaa na mimi, unanipikia, unanyamaza?"

 Hilo ndilo swali la mwisho baba kuniuliza mimi. Ni miezi miwili sasa hasemi nami. Tunakula meza moja, na akitaka kitu anapitishia kwa mtoto. "Kresi, mwambie mama yako chai imepoa." Mtoto anageuka, "Mama, chai imepoa." Nami niko hapo hapo, kiwiko changu kinagusa chake. Mtoto anadhani ni mchezo na anaupenda. Ninapotaka kumwambia kitu nami napitishia kwake, "Mwambie babu napasha," na usiku naona aibu kwamba mtoto wa miaka mitano ndiye anayetubeba watu wazima wawili.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alimwita. Nilikuwa naosha vyombo na mlango uko wazi. "Kresi, mwambie mama yako amwandikie mjomba wako. Amwambie namwita. Amwambie nimeshajua kwamba hakupita. Amwambie sasa mimi ni babu kweli, mjukuu ninaye na mkongojo ninao, kama anataka kunicheka aje anicheke hapa hapa nimsikie." Mtoto akaja mbio jikoni, njiani akasahau nusu, akasema, "Mama, babu anasema mjomba aje amcheke." Nikamwambia nimesikia.

Basi hayo ni ya baba, nimeyafikisha. Njoo, kaka. Jicho lake la kushoto limeingiwa na wingu, na daktari jirani yetu anasema moyo umechoka. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili usiseme utakuja mwakani.

Yangu ni machache. Nisamehe kwa kutokufinya mguu, nisamehe kwa neno moja nililolimeza siku ile na kulimeza kila siku baada ya hapo. Kama huwezi kunisamehe, njoo hivyo hivyo, kula na baba sebuleni, mimi nitakaa jikoni. Ila ukishamwamkia, kabla hujaketi, niombee kwake kitu kimoja. Wewe atakusikiliza. Usimwombe anipende wala anisamehe, hayo ni yake. Mwombe anigombeze mwenyewe, kwa kinywa chake, bila mtoto katikati. Aniite jina langu, aseme, "Skola, chumvi imezidi."

Mdogo wako uliyemfichia,

Skolastika